Kijiko cha Pili

Taimi alifua mashuka ya hospitali miaka thelathini na mmoja, na miaka kumi na minane kati ya hiyo aliyafua akiwa amelewa. Chupa alizificha katikati ya mashuka yaliyokwisha kukunjwa, kwenye rundo la wadi ya wazazi, maana lile halikuguswa na mtu hadi Ijumaa. Hakuna aliyemkamata hata siku moja. Baadaye hilo ndilo lililomtia aibu kuliko yote, kwamba alikuwa hodari. Mashuka yake yalinyooka kuliko ya wenzake waliokuwa wakinywa maji.

Aliacha akiwa na miaka hamsini na mitatu. Binti yake Marjut alikuwa amemaliza masomo, wageni wamejaa uani, yeye Marjut amevaa ile kofia nyeupe ya wahitimu, na Taimi akatoka jikoni na keki ya ghorofa tatu aliyoipamba kwa siku mbili. Hakufika nayo mezani. Alijikwaa kizingitini akaanguka nayo juu ya vikombe, juu ya maua, juu ya miguu ya mwalimu mkuu. Marjut hakupiga kelele. Aliokota kofia yake iliyoangukia kwenye krimu, akaipangusa kwa kiganja, akaingia ndani na kufunga mlango. Siku hizi anaishi Oulu, mji wa mbali kaskazini. Hupiga simu Krismasi na Siku ya Mama, wakaulizana kuhusu theluji, basi.

Baada ya sherehe ile Taimi alikwenda kwenye kikundi, na huko akakaa miaka kumi na mmoja. Kilikutana Jumanne na Alhamisi, saa kumi na mbili jioni, chini ya jengo moja la ghorofa karibu na ziwa, katika chumba kilichopakana na stoo ya baiskeli. Wengine walikuwa watu wa pombe, wengine wa vidonge, na karibu wote walikuwa na jambo walilofanyiwa zamani, kabla ya chupa. Taimi mwenyewe alikuwa na marehemu mumewe Veikko na mkanda wake. Kila mtu alisema kwa zamu yake. Hakuna aliyemkatiza wala kumshauri. Akimaliza, wote walisema, "Asante, Taimi," au, "Asante, Reijo," na zamu ikaenda kwa mwingine. Mtu asiyejua angedhani ni baridi. Lakini Taimi hakuwahi kupata joto kama lile la kusema mambo yake hadi mwisho bila mtu kuyarukia.

Tena palikuwa na sheria moja. Aliyekunywa siku hiyo hafukuzwi. Anakaribishwa, anapewa kahawa, anakaa na wenzake. Ila hasemi. Siku hiyo anasikiliza tu. Mzee Unto, aliyekuwa mwenyekiti wa kikao, alipenda kueleza kwamba hiyo si adhabu. Hata hivyo, kila aliyewahi kuambiwa "leo unasikiliza" alijua uso unavyochoma.

Januari ya mwaka wa kumi na mmoja akaja Pinja. Msichana wa miaka ishirini na sita, mwembamba, kazi yake kuzoa theluji na kusafisha ngazi za majengo. Alikuwa akimeza vile vidonge vya kuzuia pombe, ambavyo ukivimeza kisha ukagusa pombe, hata tone, uso unaiva kwa wekundu, moyo unakwenda mbio na tumbo linakataa. Alikuwa ameishi na mwanamume aliyemfungia kwenye chumba cha kuvulia nguo cha sauna, bafu la mvuke, siku mbili, katika baridi ya Desemba. Hayo aliyajua Taimi peke yake, maana Pinja alimwambia siku moja wakiosha vikombe. Kikaoni hakusema kitu. Zamu yake ikifika alitikisa kichwa, na zamu ikapita.

"Utasema lini?" Taimi alimuuliza.

"Nikisema nitalia."

"Unto hulia kila mwezi wa kumi na mmoja, na ni dereva wa lori la magogo. Nani atakushangaa wewe?"

Pinja akacheka kidogo. "Basi Jumanne. Nitaandika kwenye karatasi nisije nikasahau."

"Jumanne nitaoka," Taimi akasema. "Zile keki za mwezi wa pili. Za lozi. Siku yako haiwezi kupita na biskuti za dukani."

Keki hizo kila mtu kule anazijua. Huokwa mwanzoni mwa mwezi wa pili, ndefu kama kikombe kidogo, zina lozi na unga wa mkate uliokauka, juu zimetiwa jamu ya rasiberi na duara la sukari nyeupe. Zikishaiva hulowekwa kwa maji ya sukari yenye ramu. Siku hizi wengi hutia matone ya harufu ya ramu tu, yale ya chupa ndogo ya dukani yasiyo na pombe. Taimi naye kwa miaka kumi na mmoja alitia matone, na kila mwaka alizionja akasema moyoni, hizi si za mama.

Jumatatu ile alisimama mbele ya rafu ya matone, akaiacha. Akaenda hadi duka la serikali la pombe, ambalo alikuwa akilikwepa hata kwa kuvuka barabara, akanunua chupa ndogo ya ramu, inayoenea kiganjani. Njiani alijipa maelezo. Ni ya keki. Moto wa oveni huikausha pombe yote, kila mpishi anajua. Lakini Taimi alikuwa mpishi, na alijua vilevile kwamba keki hizo hulowekwa baada ya kutoka kwenye oveni, zikiwa zimeshapoa. Alijua, akaendelea kutembea.

Jumanne asubuhi akachanganya maji ya sukari na ramu. Akaonja kwa kijiko, aone kama inatosha. Ilitosha. Akachota kijiko cha pili.

Kisha akaifunga chupa, ikiwa na zaidi ya nusu, akaisukuma chini ya sinki nyuma ya sabuni za kufulia.

Jioni walikuja watu watano tu, Taimi akiwamo, kwa kuwa baridi ilifika nyuzi ishirini na nane chini ya sifuri na magari yaligoma. Unto alikuwepo, na Kyllikki, mwanamke mnene aliyekuwa akiuza tiketi za meli, mwenye ugonjwa wa sukari na mdomo mkali. Alikuwepo Reijo, fundi wa mashine, ambaye maneno yake kwa jioni nzima ungeyahesabu kwa vidole. Na Pinja, amechana nywele, karatasi imekunjwa mkononi.

"Mimi nisionyeshwe hizo," Kyllikki akasema akiisukuma sahani. "Nikizitazama tu sukari inapanda."

Unto alikula moja akasema ni laini. Pua yake iliharibika zamani kiwandani, kwenye dawa za kupikia karatasi, hangeweza kutofautisha keki na sabuni. Reijo alikula kimya. Pinja alikula mbili harakaharaka, kama mtu aliyeshinda na njaa, kisha akafuta vidole akaifungua karatasi yake.

Hawajafika zamu ya pili uso wa msichana ukaanza kuiva. Wekundu ulianzia shingoni ukapanda hadi kwenye masikio. Akashika kifua.

Unto alimwinamia. Aliuliza kwa upole, lakini chumba kilikuwa kidogo. "Binti, leo umekunywa?"

"Hapana."

"Hapa hatugombani na mtu."

"Sijanywa, mzee. Sijui nina nini. Moyo unanienda mbio."

"Sawa," Unto akasema, na kila mmoja akasikia ile sawa ni ya mtu asiyeamini. "Leo unasikiliza, mwanangu. Alhamisi utasema."

Pinja akawatazama mmoja mmoja. Akamfikia Taimi, akamtazama zaidi kuliko wengine, maana huyu ndiye aliyemjua. Taimi alikuwa ameshaelewa yote. Alikuwa na maneno mdomoni, mafupi, hayazidi manne: ni keki zangu hizo. Akaona miaka yake kumi na mmoja imesimama mlangoni na koti mkononi, ikimsubiri aseme ili iondoke. Akatazama kikombe chake.

Pinja akainuka, akavaa buti zake bila kufunga kamba. "Kama hata ninyi hamniamini," akasema, "basi." Akatoka.

"Baridi yote hii," Kyllikki akasema. Zamu ikaendelea, na ilipomfikia Taimi akatikisa kichwa, ikapita.

Usingizi aliupata kwa vipande. Jumatano asubuhi, jua halijapanda bado, alivaa soksi mbili mbili akashika njia ya kwa Pinja. Njiani nafsi ilimsuta bila kupumzika. Ilimkumbusha kwamba ni yeye aliyemshawishi msichana aseme. Ikamkumbusha kwamba keki zilikuwa za kumheshimu. Ikamuuliza, na zile chupa za kwenye mashuka, ulisema pia ni za nani?

Pinja aliishi ghorofa ya tatu. Taimi akabonyeza kengele. Hatua zikaja hadi mlangoni zikakoma.

"Pinja. Ni mimi, Taimi."

Taimi akatazama mlango, akatazama kile kidirisha cha chini cha kupitishia barua, akashika ukuta na kupiga magoti taratibu, goti moja moja, yote mawili yakilalamika. Akainua kifuniko kwa kidole. Aliona soksi za kijivu na vidole vya mguu.

"Usifungue kama hutaki," akasemea kwenye tundu. "Hukunywa. Mimi ndiye niliyetia ramu kwenye keki. Ramu yenyewe, ya duka la pombe. Nilijua unameza vidonge."

Vidole vya mguu havikusogea.

"Ulijua," Pinja akasema juu huko.

"Nilijua. Nilijifanya nimesahau, lakini nilijua."

"Nilipokuwa nawaka pale, ulijua ni nini?"

"Nilijua."

"Ukatazama kikombe."

"Nikatazama kikombe."

Mlango wa jirani ukafunguka kidogo, mzee mmoja akachungulia, akamwona mama mtu mzima amepiga magoti akiongea na tundu la barua. Akaurudisha mlango polepole.

"Nilitapika hadi saa tatu," Pinja akasema. "Halafu unajua nikafikiri nini? Nikafikiri, kwa kuwa wanasema nimekunywa, kwa nini nisinywe. Nilivaa koti. Nikasimama hapa hapa mlangoni na koti."

Taimi alifumba macho. "Ulikwenda?"

"Duka la pombe lingekuwa limekwisha kufungwa. Kwa hiyo sikwenda. Usidhani ni ushujaa."

"Pinja, nisamehe."

"Hayo ya kusamehe usiniletee kwenye tundu la barua. Wewe sema kule. Mbele yao, kwa sauti, kama walivyoniambia mimi mbele yao. Hapa unaniambia mimi ninayejua sijanywa. Mimi sina haja ya kuambiwa."

"Nitasema Alhamisi."

"Haya. Nenda basi, magoti yatakufa ganzi."

Taimi hakuinuka. Lililobaki lilikuwa gumu kuliko la kwanza. "Chupa bado iko nyumbani," akasema. "Ina zaidi ya nusu. Naogopa kurudi."

Sasa vidole vikasogea. Pinja alichuchumaa, na kwa mara ya kwanza Taimi akaona jicho moja, jekundu, limeganda kwenye ule mwanya.

"Kwa hiyo umekuja kwangu kwa sababu hiyo."

"Sijui. Labda kwa zote mbili."

"Mimi siingii nyumba yenye chupa. Nina siku ishirini na nane tangu niache. Mpigie Kyllikki. Mpigie hapo hapo nikusikie."

Taimi akapiga simu kwenye ngazi, bado amepiga magoti, na Pinja akabaki amechuchumaa upande wa pili hadi Kyllikki alipoitikia. Ndipo kifuniko kikafungwa.

Kyllikki alikuja kwa teksi, kofia imekaa upande. Hakuvua hata glavu. Alikwenda moja kwa moja chini ya sinki, akatoa sabuni moja, ya pili, ya tatu.

"Nyuma ya sabuni," akasema. "Miaka yote hii hujabuni mahali papya? Mimi nilikuwa naweka kwenye buti za marehemu baba."

Akafungulia bomba, akamimina, akasuuza chupa mara mbili na kuitia kwenye mfuko wake aondoke nayo. Taimi alisimama mlangoni mwa jikoni, amegeuza uso kama mtu anayechomwa sindano. Harufu ilimfikia hata hivyo.

"Utawaambia?" akauliza.

"Mimi? Sisemi neno. Ni lako hilo." Kyllikki akajimwaga kitini. "Unto alimtia yule mtoto aibu mbele yangu na mimi nikamtazama tu. Nilisema baridi yote hii. Ndicho nilichokiona cha kusema, baridi. Sasa nipikie kahawa, na usinipe kitu chochote ulichooka."

Alhamisi Taimi alitangulia kufika. Hakuleta kitu. Unto akawasha mshumaa kama kawaida, Reijo akakaa pembeni, Kyllikki akatoa ufumaji wake. Kiti cha Pinja kilikuwa kitupu. Saa kumi na mbili na dakika tano mlango ukafunguka, akaingia, akasimama hapo hapo kwenye mkeka na buti zake miguuni, koti limefungwa hadi kidevuni.

"Karibu ukae," Unto akasema.

"Nitasimama."

Taimi alisema bila kungoja zamu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisimulia duka, chupa, keki, vidonge. Alisema kwamba Pinja hakunywa, na kwamba yeye alilijua hilo tangu wekundu uko shingoni. Sauti yake ilikuwa ya kawaida hadi alipofika kwenye kijiko, hapo alisema tu kwamba alionja, akashika kikombe chake. Kwa desturi yao hakuna anayeuliza. Lakini Unto akauliza.

"Ulionja mara ngapi?"

"Mbili."

"Cha kwanza kilikuwa cha kupima."

"Ndiyo."

"Na cha pili?"

"Cha pili kilikuwa changu," Taimi akasema.

Mtu asingemlaumu kama angeishia kwenye keki. Kijiko hakuna aliyekiona. Alikitoa mwenyewe, na pamoja nacho akaitoa ile miaka kumi na mmoja, akaiweka mezani kati ya vikombe.

"Asante, Taimi," wakasema. Walisema vilevile wanavyosema kila siku, si kwa ukali wala kwa kubembeleza, na yeye alitamani angalau mmoja amtukane.

Ndipo Reijo akakohoa. "Mimi nilizijua," akasema. "Tangu ile ya kwanza. Nilikula nne."

Wote wakamgeukia.

"Niliona nikisema zitaondolewa mezani," Reijo akasema, masikio yake yameiva. "Binti akawa mwekundu, nikajua kwa nini. Nikachukua ya nne." Hayo yalikuwa maneno mengi kuliko aliyoyasema tangu vuli.

"Mungu wangu," Kyllikki akasema polepole, sindano zimesimama. "Kikundi gani hiki."

Unto alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. "Pinja," akasema, "nimeacha pombe miaka ishirini na sita, na Jumanne nilikutazama usoni nikasema najua. Sikujua. Nilikosea, na nilikosea mbele za watu, basi nasema mbele za watu."

"Ulinitazama kama polisi," Pinja akasema.

"Naam. Kama polisi."

Msichana alibaki kwenye mkeka. Theluji ya buti zake ilikuwa imeyeyuka, maji yakitambaa kuelekea zulia, na wote walikuwa wakitazama buti hizo, maana kule mtu akibaki na viatu ujue anaondoka. Taimi hakuthubutu hata kuomba moyoni. Aliona kwamba akiomba, ataomba kwa ajili yake mwenyewe, ili mzigo umwondoke, na Pinja alikuwa na haki ya kuondoka zake na kumwachia.

Pinja akainama, akavuta kamba. Akavua moja, akavua la pili. Hakwenda kwenye kiti chake cha zamani kando ya Taimi. Alivuta kingine karibu na Kyllikki, akatoa karatasi mfukoni, ile ile, imechakaa kwenye mikunjo.

"Naitwa Pinja," akasoma. "Kuna chumba cha kuvulia nguo ambacho mlango wake unafungwa kwa nje."

Alisoma kwa dakika ishirini. Alilia kama alivyosema atalia, akaendelea kusoma akilia. Taimi alisikiliza kila neno, hata yale aliyokwisha kuyasikia kwenye kuosha vikombe, na yalimwuma upya, kwa kuwa sasa na yeye alikuwa miongoni mwa waliomfungia huyu msichana mlango.

Baadaye, wengine wakivaa makoti, Pinja alimjia.

"Sijakusamehe," akasema.

"Najua."

"Sijui kama nitakusamehe. Usije tena na magoti yako, jirani ananiuliza." Akazungusha glavu mkononi. "Una siku ngapi sasa?"

Taimi akahesabu, na hesabu ilikuwa fupi hata akaionea haya. "Mbili."

"Mimi ishirini na tisa. Basi mimi ndiye mkubwa wako." Hakutabasamu, lakini alichana kipande cha ile karatasi yake, pembeni pasipoandikwa kitu, akaandika namba. "Ukizidiwa, piga. Ila si baada ya saa mbili usiku, mimi alfajiri niko na koleo langu barabarani."

Taimi akakipokea kwa mikono miwili. Ijumaa hakupiga. Jumamosi, saa nane mchana, alipiga.